Kangaga la Wellclose Square

Mtaa wa Wellclose Square, mashariki ya London, ulikuwa hatua chache kutoka bandarini, na hewa yake ilikuwa ya makaa ya mawe. Viwanda na maelfu ya meko ya majumbani vilitoa moshi uliotanda juu ya paa, ukaingia madirishani na kuganda kwenye kila jani lililothubutu kuota uani. Hapo ndipo alipoishi daktari Nathaniel Bagshaw Ward, aliyezaliwa mwaka 1791 na kufuata kazi ya udaktari ya baba yake. Aliwatibu watu wa mitaa ya bandarini, na saa zilizobaki alizipa mimea.

Mapenzi hayo aliyapata utotoni. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Jamaika kwa meli, na huko michikichi na makangaga ya kisiwani vikamteka. Utu uzimani alitaka kuwa na kipande cha misitu ile nyumbani kwake. Alijenga uani ukuta wa mawe, akapitisha juu yake bomba lenye matundu ili maji yachuruzike mchana kutwa, akapanda makangaga kwenye nyufa. Moshi ukayaua. Akapanda mengine, yakafa pia, na mwishowe akakata tamaa.

Kiangazi cha mwaka 1829 alikuwa na shughuli nyingine kabisa. Alichukua bundo la nondo mkubwa wa jamii ya sphinx, akalifukia katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaifunika, akasubiri nondo atoke. Kila siku aliitazama. Joto la mchana lilipopanda, unyevu wa udongo ulipaa kama mvuke, ukashika kioo, kisha ukateremka tena ulikotoka. Udongo haukukauka. Ilipobaki kama wiki moja tu nondo atoke, juu ya udongo ule vikachomoza vitu viwili ambavyo hakuna aliyevipanda: kangaga changa na mche wa nyasi.

Kangaga lilikuwa la aina ambayo leo wataalamu huiita Dryopteris filix-mas, na nyasi ilikuwa Poa annua, magugu ya kawaida kabisa ya Ulaya. Wengi wangeng'oa vyote viwili ili waendelee kumsubiri nondo. Ward alijiuliza kwa nini kangaga, mmea ule ule uliomshinda uani kwa miaka, umeota wenyewe ndani ya chupa na una afya. Akaiweka chupa nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea, upande wa kaskazini usiopigwa na jua kali, akaiacha. Ilikaa karibu miaka minne bila kutiwa tone la maji. Nyasi ilichanua mara moja. Kangaga lilitoa majani mapya matatu au manne kila mwaka. Vyote vilikufa Ward akiwa safarini, kifuniko kilipoliwa na kutu na maji ya mvua yakapata njia ya kuingia.

Makangaga hayana maua wala mbegu. Chini ya jani lililokomaa kuna madoa ya kahawia, na kila doa ni kundi la vifuko vinavyotoa vumbi laini kuliko ugoro. Chembe za vumbi hilo, zinazoitwa spora, hutoka kwa mamilioni kutoka kwenye mmea mmoja, na upepo huzibeba mbali sana. Kisiwa cha Krakatau kililipuka mwaka 1883, kikafunikwa na majivu ya moto. Mtaalamu wa mimea Melchior Treub alipokifikia mwaka 1886, alikuta aina 11 za kangaga tayari zimeshatwaa ardhi ile. Chombo kilichojaa udongo mbichi ndani ya nyumba si kikwazo kwa kiumbe wa namna hiyo.

Kinachowababaisha watu ni hatua ya katikati. Spora haitoi kangaga moja kwa moja. Ikianguka mahali pabichi, hutoa kwanza kijani kidogo chembamba, mara nyingi chenye umbo la moyo, kisichofika upana wa ukucha wa kidole gumba. Hicho hakifanani na kangaga hata kidogo, hivyo mwenye chungu cha maua hudhani ni ukoga tu wa udongo wenye maji mengi, akaupuuza. Kumbe pale chini, kwenye utando wa maji, mbegu za kiume zinaogelea kulifuata yai. Yai likirutubishwa ndipo jani la kwanza linapochomoza limejikunja, nalo huonekana kana kwamba limekuja usiku mmoja. Maji ndiyo sharti la lazima. Ndiyo maana makangaga yasiyopandwa hupenda vyungu vya okidi, vyungu vinavyomwagiliwa kila siku, pembe za bafu, na vyombo vya kioo vilivyofunikwa. Wauza miche wa Barabara ya Ngong mjini Nairobi huchanganya udongo mweusi uliotoka msituni, na udongo wa namna hiyo huja na spora zake.

Siri ya uzazi wa kangaga ilichukua muda mrefu kufichuliwa. Waingereza wa zamani, walioona kangaga likizaa bila mbegu kuonekana, waliamini kwamba mbegu ipo ila haionekani, na kwamba atakayeipata usiku wa mkesha wa Mtakatifu Yohana naye hataonekana. Shakespeare aliifanyia mzaha imani hiyo katika tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne. Aliyekuja na ushahidi wa macho alikuwa daktari wa upasuaji aliyekuwa Jamaika, John Lindsay. Aliona makangaga machanga yakijiotea ardhini baada ya mvua, akachukua lile vumbi la majani, akalipanda katika chungu cha maua na kulichunguza kwa hadubini siku baada ya siku. Taarifa yake ilichapishwa na Jumuiya ya Linnaeus ya London mwaka 1794. Nusu karne baadaye, Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, mtu wa biashara ya vitabu na muziki aliyejifunza botania mwenyewe, aliufunga mjadala kwa kitabu chake cha mwaka 1851 kilichoeleza vizazi viwili vinavyopokezana katika maisha ya kangaga.

Ward hakuwa na haja ya kujua yote hayo. Alichokiona yeye ni kwamba chombo kilichofungwa vizuri kina hali yake ya hewa, na moshi wa London hauna ruhusa ya kuingia. Hakuwa wa kwanza duniani kuliona jambo hilo; huko Scotland, A. A. Maconochie alikuwa amekuza makangaga ndani ya kioo miaka michache kabla yake. Tofauti ni kwamba nyumba ya Ward ilikuwa karibu na meli.

Kusafirisha mimea hai baharini kulikuwa balaa. Chumvi iliunguza majani, panya walikula mizizi, na maji ya kunywa yalipopungua nahodha alianza kuinyima miche. Mwaka 1787 serikali ya Uingereza iligeuza chumba kikubwa cha nahodha kwenye meli ya Bounty kuwa kitalu, sakafu ikatobolewa mashimo ya kushikilia vyungu, ili mishelisheli ipelekwe kutoka Tahiti hadi visiwa vya Karibi kuwalisha watumwa. Miche zaidi ya 1,000 ilipakiwa. Mabaharia walipoasi mwaka 1789, waliitupa yote baharini. Hata pasipo uasi, George Loddiges, mmiliki wa kitalu maarufu cha Hackney, alikuwa akipoteza miche 19 katika kila 20 aliyoagiza kutoka ng'ambo.

Mwaka 1833 Ward na Loddiges walitengeneza makasha mawili ya mbao yenye paa la kioo, wakaziba viungo vyake, wakayajaza makangaga na nyasi na kuyakabidhi kwa nahodha Charles Mallard wa meli ya Persian iliyokuwa ikielekea Australia. Yalikaa juu ya sitaha, penye mwanga. Mallard aliandika kutoka Hobart mwezi Novemba kwamba mimea yote ni mizima isipokuwa makangaga mawili matatu, na kwamba nyasi zimerefuka hadi zinataka kuinua kifuniko.

Jaribio la kurudi lilikuwa gumu zaidi. Makasha yalijazwa mimea ya Australia huko Sydney mwezi Februari 1834, joto likiwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi. Karibu na Rasi ya Horn, kusini kabisa mwa Amerika, baridi ilishuka chini ya sifuri na theluji ikafunika sitaha. Kwenye ikweta joto likapanda mno. Safari ilichukua miezi minane, na mimea haikumwagiliwa hata mara moja. Ward na Loddiges walipopanda melini London walikuta imestawi, ikiwamo Gleichenia microphylla, kangaga ambalo halikuwahi kufika Uingereza likiwa hai. Na katika udongo ule ule ilikuwamo miche ya Callicoma serrata, mti wa Australia ambao hakuna aliyeuweka. Mbegu zake zilijificha udongoni, zikaota safarini. Kasha la kwanza lililofaulu lilikuwa na abiria wasioalikwa tangu mwanzo, na hilo lilistahili kutiliwa maanani kuliko ilivyokuwa wakati ule. Wote walikuwa wakishangilia.

Loddiges alitumia zaidi ya makasha 500 katika miaka iliyofuata, na hesabu yake ikapinduka: sasa miche 19 kati ya 20 ilikuwa ikifika hai. Ward alichapisha kitabu chake mwaka 1842, na kasha likajulikana kwa jina lake.

Dola zilikuwa na njaa ya chombo kama hicho. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilimtuma mtaalamu wa mimea Robert Fortune China mwaka 1848 kutafuta miche ya chai. Mbegu za chai hupoteza uhai upesi, na alizozituma kavu ziliharibika. Akabadili mbinu: akazichanganya na udongo ndani ya makasha ya Ward ziote baharini. Yalipofunguliwa India, miche iliyohesabiwa ilizidi 12,000. Miti ya kwinini ilitolewa Amerika ya Kusini katika miaka ya 1860 ikapelekwa India na Ceylon kwa makasha hayo hayo, na dawa yake iliwalinda askari na maofisa wa kikoloni dhidi ya malaria, jambo lililorahisisha uvamizi wa nchi ambazo mbu walikuwa wamezilinda. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alifikisha London mbegu 70,000 za mpira kutoka Brazili. Zilizoota katika bustani ya Kew zilikuwa kama 2,700, na miche takriban 1,900 ikasafiri kwa makasha hadi Ceylon. Huo ulikuwa mwanzo wa mwisho wa ukiritimba wa Brazili. Wachina na watu wa Amerika ya Kusini hawakupata fidia yoyote kwa mali hii, na sifa ya ustadi wa bustani haiwezi kulifunika jambo hilo.

Ward mwenyewe alikuwa na ndoto nyingine. Aliwafikiria wagonjwa wake, familia zilizobanwa katika vyumba visivyo na jua, na sura nzima ya kitabu chake aliitumia kueleza jinsi kasha la kioo lingeweza kuwapa maskini wa mijini kipande cha kijani. Alipigania pia mwanga wenyewe, kwa kuwa Uingereza ilitoza kodi ya madirisha hadi mwaka 1851. Kodi ya kioo ilifutwa 1845, kioo kikawa rahisi, lakini waliojaza makasha majumbani mwao walikuwa hasa watu wa tabaka la kati.

Wakayajaza makangaga. Mwandishi Charles Kingsley aliipa hali hiyo jina mwaka 1855: pteridomania, wazimu wa makangaga. Mabinti walitoka na vikapu kwenda milimani. Wachuuzi walileta magunia ya makangaga kutoka mashambani hadi masoko ya London. Umbo lake lilichorwa kwenye vyombo vya udongo, vifaa vya chuma, lesi na mawe ya makaburi. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 Ward alionyesha chupa yenye mimea ambayo, kwa maelezo yake, haikuwa imemwagiliwa kwa miaka 18.

Hasara ilikuwa kubwa. Kangaga la Killarney, Trichomanes speciosum, lenye majani membamba yanayopitisha mwanga, lilisakwa hadi likakaribia kwisha katika Ireland na Uingereza, kwa sababu lilikuwa moja ya machache yanayopendeza zaidi chini ya kioo. Mwishoni mwa karne ya 20 wataalamu waligundua kwamba halijatoweka kama ilivyodhaniwa. Liliendelea kuishi katika hatua ile ya katikati, nyuzi za kijani ndani ya mapango yenye giza, mahali pengi ambapo kangaga kamili halikuonekana kamwe. Wasakaji walipita hapo bila kuliona.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia mapema katika biashara hii, na kwa mlango wa kitalu kile kile cha Hackney. Mwishoni mwa miaka ya 1820, Ward akiwa bado na chupa yake, kitalu cha Loddiges kilichapisha picha na maelezo ya mmea wenye majani manene yanayong'aa unaopatikana kuanzia Kenya na Zanzibar hadi Afrika Kusini. Leo huitwa Zamioculcas zamiifolia na umejaa kwenye korido za ofisi na hoteli duniani kote. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa Kew aliueleza mmea mwingine uliotoka kwa John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, akauita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Na mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Tanga na Usambara. Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akaliita Saintpaulia. Liko katika madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, huku misitu ya Usambara ambayo ni kwao ikizidi kupungua. Wachumi wa kikoloni waliandika vizuri sana faida ya zao lililoingia. Maua yaliyotoka hayakupata daftari.

Kuhusu mazao yaliyoingia, mfano wa mkonge unaeleza hatari ya safari kuliko takwimu nyingine yoyote. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikapita Hamburg, na vilivyofika Tanganyika vikiwa hai vilikuwa 62. Kwa hivyo 62 ndivyo vilivyoanzisha zao ambalo baadaye liliifanya Tanganyika kuongoza duniani. Mimea laini zaidi haikuweza kupita tundu jembamba namna hiyo, na Berlin ilikuwa tayari imeanzisha mwaka 1891 ofisi maalumu ya kusambaza mimea katika makoloni, na makasha ya Ward yakawa chombo chake cha kila siku. Kwenye milima ya Usambara Mashariki, Taasisi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902 ilipanda kwinini, mpira, chai na mamia ya aina nyingine. Chai ya Kenya ilianzia Limuru mwaka 1903 kwa miche kutoka India, nchi ambayo Fortune alikuwa ameipelekea ile ya China.

Amani pia ndipo mahali pazuri pa kuona upande wa pili wa historia hii. Maesopsis eminii, mti wa maeneo ya Ziwa Victoria, uliletwa milimani humo karne iliyopita, na hondohondo wakaeneza mbegu zake hadi ndani ya msitu wa asili. Clidemia hirta, kichaka cha Amerika ya kitropiki, kilitoka bustanini kikasambaa. Hivi vilipandwa kwa makusudi kisha vikatoroka. Vilivyoingia kwa kujificha udongoni ni vigumu kuvihesabu.

Mwaka 1878 mtaalamu wa wanyama Henry Moseley alieleza mnyoo bapa mrefu, mwenye kichwa kama koleo, aliyepatikana katika nyumba za kioo za Kew. Akaitwa Bipalium kewense, jina la bustani ya Kew, ingawa asili yake ni Asia ya Kusini-mashariki. Alikuwa amefika ndani ya udongo wa miche. Mwaka huo huo mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba mjini Bern dhidi ya phylloxera, mdudu aliyevuka Atlantiki kwenye mizizi ya mizabibu hai kutoka Marekani na kuangamiza mashamba ya Ufaransa. Kutu ya kahawa, ugonjwa wa kuvu ulioonekana karibu na Ziwa Victoria mwaka 1861, ulijitokeza Ceylon mwaka 1869 na kuiua kahawa ya kisiwa kizima. Biashara ya miche hai ni mojawapo ya njia ambazo wanahistoria wanazishuku. Wamiliki wa mashamba hayo wakageukia chai.

Ukweli ambao makasha ya kwanza yalikuwa tayari yameuonyesha, kwamba udongo hubeba wasioalikwa, ukawa sheria polepole. Marekani ilipitisha sheria ya karantini ya mimea mwaka 1912, na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1919 zikakataza mimea mingi kuingia na udongo wake. Kasha la Ward bila udongo halina kazi. Wakati huo mifuko ya plastiki ilikuwa haijafika, lakini ilipofika pamoja na ndege, makasha yaliyosalia yakawa mzigo tu. Kew ilipokea la mwisho kutoka Fiji mwaka 1962. Siku hizi miche ya mauzo husafiri ikiwa imesafishwa mizizi au imekuzwa katika chupa za maabara, na Saintpaulia iliyozaliwa Uholanzi hupita mikononi mwa wakaguzi wa afya ya mimea kabla ya kuuzwa. Wakaguzi hao hutafuta wadudu, minyoo, kuvu na virusi. Spora za makangaga ya kawaida hazimo katika wanavyotafuta, nazo hupita.